Hatua Thelathini za Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika, mmeguna. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na mashamba yao, Bi Nungunungu alikuwa na kishamba cha viazi vikuu kando ya kijito. Kidogo. Ukirusha jiwe, linavuka. Hicho ndicho kilichomlisha, hakuwa na kingine.

Ukingoni aliacha matete yasimame. Hakuambiwa na mtu. Mwaka mmoja aliyakata, mvua ikaja, chubwi! tuta zima likaenda na maji, viazi na vyote. Hakukata tena.

Jirani yake, Ngiri, alifyeka mpaka majini. Fyeka, fyeka, fyeka. Ukingo ukamomonyoka, pu! Kijito kikawa uji. Wanyama wa huko chini, maji yanakoteremkia, wakalalamika, wamechoka kunywa tope. Nyati, mkubwa wa baraza, akatoa sheria:

"Hatua thelathini kutoka majini, asilime mtu, asikate mtu."

"Afadhali," alisema Bi Nungunungu. "Ngiri amepatikana."

Mkaguzi akaletwa. Nani? Mbuni. Miguu mirefu, shingo ndefu, akili... tuendelee.

Mbuni akasimama majini kwa Bi Nungunungu, akaanza. Moja! Mbili! Paa, paa, paa. Hatua ya kumi na nane ikavuka mpaka wa nyuma wa shamba. Ya thelathini ikamkuta njiani, huko wanakopita watu.

"Shamba lote ni la mto, mama. Ng'oa viazi."

"Hatua hizo za nani, mwanangu?"

"Zangu. Kwani nani mwingine anapima hapa?"

"Na mimi nile nini?"

"Sheria haikusema utakula nini."

Wakahamia kwa Ngiri. Ngiri alishajipanga, amemwita mkwewe, Kobe.

"Mkaguzi, umechoka. Kaa kivulini, kuna tikiti. Mkwe wangu atakusaidia kuhesabu."

Mbuni akakaa, akala. Kobe akahesabu. Mojaaa. Mbiliii. Alipotimiza thelathini, mkia wake ulikuwa bado umelowa.

"Thelathini," akasema Kobe.

"Thelathini ni thelathini," akajibu Mbuni, mbegu zinamtoka mdomoni.

Bi Nungunungu hakulia. Alikwenda barazani.

"Mzee Nyati, sheria yako ina miguu ya nani?"

Wanyama wakacheka. Nyati hakucheka. Alisikiliza yote, akakuna pembe.

"Basi unataka tupime kwa hatua zako?"

"Ndicho anachotaka!" Ngiri akadakia. "Vimiguu vile! Tutapata upana wa mkeka!"

Bi Nungunungu akaitazama miguu yake. Hatua zake thelathini alizijua. Zingeishia kwenye matete yale yale aliyoyaacha, viazi vyake visiguswe hata kimoja. Alizitaka hasa. Lakini alimtazama Ngiri, akamwona tayari anamtafuta kwa macho mtoto wa Kobe, ampimie kwa hatua ndogo zaidi.

"Sitaki hatua za mtu," akasema. Akajing'oa mwiba mmoja mrefu, akamkabidhi Nyati. "Chomeka huu ardhini. Ukitoka umelowa, hapo ni pa mto. Ukitoka mkavu, ni pa mwenye shamba. Kwangu, kwake, kwa kila mtu."

Wakaenda wote. Kwa Ngiri, mwiba ulitoka umelowa hadi mlangoni pa ghala. Ngiri akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwiba haukukauka.

Kwa Bi Nungunungu, chomeka: umelowa. Chomeka: umelowa. Chomeka: umelowa. Katikati ya shamba ndipo ulipotoka mkavu.

Ngiri akapata sauti tena. "Jirani! Umejipima mwenyewe!"

"Nimejipima," akasema Bi Nungunungu. Akainama, akaanza kung'oa viazi vya nusu ile ya mto. Ng'oa, ng'oa, ng'oa. Hakungoja kuambiwa. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba. Mwaka ule alikula mlo mmoja kwa siku. Lakini alikula cha shambani mwake.

Fundisho ni hili, wakubwa nanyi sikieni: sheria ya ardhi ipimwe kwa ardhi, isipimwe kwa miguu ya mkaguzi. Na wewe unayedai kipimo cha haki, kikikukata nawe, ng'oa viazi vyako unyamaze.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia aamshwe, akalale kwao.