Radi Hainoi Shoka

Radi hainoi shoka.

Mmenisikia nikisema hivyo mlipodai kuwa Naetwe amefaulu mtihani kwa zali tu, kwa bahati, mkaangaliana kana kwamba nimesema Kigiriki. Haya, mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio hayana kazi nyingine. Methali hii ilianza hivi.

Huko milima ya Ngofi, enzi ambazo jembe lilikuwa mali ya kurithiana, aliishi mjane kijana aliyeitwa Nankondo. Mumewe alimwachia watoto wawili na kipande kimoja cha shamba mteremkoni, chenye vichaka na mawe mengi kuliko udongo. Wengi walimshauri arudi kwao. Nankondo alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio uliomlisha. Mwezi mzima alikata matuta peke yake, akiziwahi mvua za vuli.

Siku moja jembe likagonga kitu, ko! Akainama, akafukua kwa vidole. Lilikuwa jiwe jeusi lenye ukijani, refu kama kiganja, laini kama lililopakwa mafuta. Ncha moja ilikuwa nyembamba, ya pili imepanuka na kuwa na makali. Alilifuta kwa upindo wa nguo, akalipenda. Kosa lake ni kumwonyesha jirani.

"Shoka la radi!" jirani akapiga yowe, akatimua mbio, hata kikapu chake akakisahau.

Maana watu wa Ngofi waliamini kuwa radi hupasua miti kwa shoka, na shoka hilo likizama ardhini, mahali pale huwa pa mbingu. Hapalimwi, hapajengwi. Jua halijatua, Mzee Kiangi, kaka wa baba mkwe wake na mwangalizi wa mila, alikuja akasimama mbali. Hakuwa mtu mbaya. Utotoni aliona nyumba ya dada yake ikiteketea kwa radi, na hofu ile haikumtoka mpaka uzeeni.

"Mwanangu, liache shamba," alisema. "Tutakutafutia pengine baada ya mavuno."

Baada ya mavuno! Na watoto wale nini mpaka hapo? Nankondo alilia, siwafichi. Kesho yake akachukua mundu ili akawakatie watu majani ya ng'ombe, apate chochote cha kutia chunguni. Mundu ulikuwa butu. Akateremka mtoni penye mwamba wa kunolea, na lile jiwe akalibeba, kwa kuwa hakuna aliyekubali libaki kijijini. Alikusudia kulitupa majini.

Mwamba ule ulikuwa na mifereji mipana, laini, ya zamani mno. Watu walisema ni alama za magoti ya wahenga waliopiga magoti kuteka maji. Nankondo aliliweka jiwe juu ya mwamba apate kuushika mundu vizuri. Likateleza, likaingia kwenye mfereji mmoja, likatulia. Lilienea mle kama mguu kwenye kiatu chake.

Alilitazama. Akalisukuma mbele, akalivuta nyuma. Akatia mchanga na maji, akasukuma tena. Sauti iliyotoka aliijua tangu utoto: sauti ya kunoa. Akauacha mundu palepale, akapanda mlima mbio kumwita Mzee Kiangi.

Mzee alikuja akinung'unika, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Baba, radi hupiga mara ngapi?" Nankondo alimwuliza.

"Mara moja. Na hiyo moja inatosha."

"Na wewe, mundu wako unaupitisha hapa mara ngapi hadi ukate?"

"Ah, nani anahesabu?"

Nankondo akalisukuma jiwe ndani ya mfereji, taratibu, mbele na nyuma. "Radi hainoi shoka, Baba. Hili limenolewa na mtu. Alikaa hapahapa siku nyingi, mgongo ukimuuma kama wangu."

Mzee Kiangi akachuchumaa. Alisita, kisha akaligusa. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, kama alivyozoea kuukagua mundu wake kila asubuhi, akakuta pengo dogo ambalo mtu alilinoa upya mpaka likakaribia kwisha. Halafu akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe ni mfyekaji mwenzetu!" alisema. "Mwanangu, shamba lako lilifyekwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Nasi tulitaka kulirudishia vichaka!"

Asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Mvua zilikuta mbegu ardhini, na watoto wa Nankondo walikula mahindi ya mama yao. Jiwe, Nankondo alilirudisha mferejini. Tangu siku hiyo, kila aliyekwenda kunoa mundu alilisukuma mara moja kwanza, kumwamkia yule aliyetangulia kazini.

Basi, huyo Naetwe wenu ninyi mlimwona siku ya matokeo tu. Mimi ni jirani yake. Miaka minne nimemwona jikoni kwao, mkono mmoja unakoroga uji, mwingine umeshika daftari. Semeni tena kuwa ni zali, niwasikie.

Radi hainoi shoka.