Nasiba binti Yakuti na Ushahidi wa Waliofia Visimani

Wapokezi wa habari za zamani wamesimulia kwamba katika mji wa Sarafiya, uliojengwa juu ya mwamba mkavu kati ya jangwa na milima ya shaba, alitawala Sultani Mudriki bin Rashadi, mtu mwenye insafu lakini mvivu wa kuuliza maswali. Mji huo haukuwa na mto wala mvua ya kutegemewa, na uhai wa watu wote, na wa ngamia wao na mitende yao, ulikuwa ndani ya visima. Na visima vilikuwa mikononi mwa chama kimoja cha wachimbaji, na mkuu wa chama alikuwa Haji Shamlani, mzee mnene mwenye ndevu za hina, aliyevaa kidoleni pete ya chuma. Pete hiyo ilimfunga jini aitwaye Ghawasi, akaaye katika maji ya chini ya ardhi, na kila kisima kilichochimbwa bila idhini ya chama, Ghawasi alikijia akayanywa maji yake yote kabla hayajaonwa na jua.

Basi upande wa mashariki palikuwa na Mtaa wa Chumvi, na watu wake walikunywa maji ya magadi yaliyowapasua watoto midomo, kwa sababu wachimbaji wa chama walikuwa wachache, na wachache hao walianza na nyua za matajiri, na zamu ya mtaa huo haikufika kamwe. Akaja mtaani hapo Nasiba binti Yakuti, mchimbaji wa nchi ya Dumari, mwenye ijaza ya mafundi wa kwao inayoshuhudia kwamba amejifunza kazi na amejaribiwa, naye alikuwa ameposwa na msokota kamba aitwaye Idarusi. Alipoyaonja maji ya nyumba ya mchumba wake aliyatema, akatwaa ijaza yake, akaenda kwa Haji Shamlani.

Haji akaigeuza ijaza ile juu chini, akasema, "Karatasi hii itafaa kufunikia mtungi. Haya, binti, wewe ni wa nyumba ipi kati ya nyumba saba za waasisi?"

"Si wa nyumba yoyote, Haji. Nimechimba visima, na visima vyangu vina maji."

"Basi kaa uanafunzi wa miaka saba."

"Nimeshajifunza."

"Umejifunza Dumari. Udongo wa Dumari ni wa Dumari."

"Na hewa nzito inayoua watu chini ya ardhi, nayo ina nchi yake?"

Wanachama wakacheka, na Haji akakasirika kwa kicheko kile kuliko kwa swali lenyewe, akasema, "Kachimbe basi, tuone kama jini atakuachia tone la kulowesha ulimi."

"Nitachimba," akasema Nasiba, "na habari utaipata hapo hapo ulipokaa."

Akarudi Mtaa wa Chumvi, akachagua mahali, akachimba, na Idarusi akamshikia kamba. Na udongo ulipoanza kuwa mbichi miguuni pake, ukuta wa kisima ulivimba, akatokea Ghawasi, mwili wake wa tope litiririkalo na sauti yake kama maji yanayotafuta njia kati ya mawe, akasema, "Ewe mwanadamu, panda juu. Nimeamrishwa kuyanywa maji haya."

Nasiba hakupanda. Akasema, "Umeamrishwa kwa kiapo gani?"

"Mkuu wa kwanza wa chama alinifunga kwa kiapo hiki: nizilinde roho za wanaoshuka, na vinywa vya wanaokunywa. Wakuu waliomfuata wakaongeza sheria zao, nami nikaitii pete."

"Na sheria hizo, zinamlinda nani?"

Jini akasema, "Tangu nifungwe sijaulizwa hilo. Nami ndiye niliyewapokea wote waliofia visimani, mmoja baada ya mmoja, na ninawajua kwa majina."

"Basi twende ukaulizwe mbele ya Sultani. Au pete inakukataza?"

"Pete imeniamuru niyanywe maji," akasema Ghawasi. "Haikusema niyanywe leo."

Wakaenda pamoja hadi barazani, na walinzi wakawapisha upesi, na Sultani akamwita Haji Shamlani. Na Nasiba, akiwa bado na matope magotini, akasimama akasema:

"Ewe Sultani mtukufu, sikuja kuomba huruma, maana huruma si haki, na anayeitoa leo huichukua kesho. Chama hiki kimenifungia mlango, na kinasema kimeufunga kwa usalama wa watu. Nami nasema sawa, tuupime usalama huo. Ghawasi na awaite wote waliofia visimani tangu mji huu uwe mji, na hata waliofia kwingine, maana maji ya chini hayana mpaka. Haji na azitaje sheria zake moja moja, na kwa kila sheria wasimame wale ambao ingaliwaokoa. Na sheria isiyomsimamisha hata mtu mmoja, ituambie inafanya nini mlangoni."

Sultani akafurahi kwamba mtu mwingine amelifikiri swali kwa niaba yake, akaamuru iwe hivyo. Ghawasi akapiga sakafu kwa kiganja, na marumaru ikatoa jasho, na wafu wakapanda kupitia unyevu ule, vumbi mabegani na kamba viunoni, wakaketi kimya safu kwa safu.

Haji akaanza na sheria ya nyumba saba. Hakusimama mtu. Haji akasema, "Hawakusikia! Nitarudia." Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na mfu mmoja mkongwe akamjibu, "Tumesikia, bwana. Mimi nilikuwa wa nyumba ya kwanza, na ukuta uliponiangukia haukuniuliza ukoo."

Haji akaitaja sheria ya taa, kwamba mchimbaji atanguliwe na taa inayowaka, na ikizimika asishuke, na karibu nusu ya wafu wakasimama kwa pamoja, na Nasiba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Hiyo ibaki milele."

Akaitaja sheria ya miaka saba ya uanafunzi, na wengi wakasimama, na Haji akapiga makofi. "Umeona? Umeona, mgeni?"

"Sijamaliza kuona," akasema Nasiba, akawageukia wafu. "Enyi wazee wangu, nani kati yenu alikufa akiwa ndani ya miaka hiyo saba?"

Kijana mmoja akainua mkono. "Mimi, mwaka wa sita. Miaka yote hiyo nilifagia ua wa mkuu na kumpikia. Siku ya kwanza kushushwa ndiyo siku niliyokufa."

"Na kilichokupungukia ni nini?"

"Kufundishwa, dada yangu. Na mtu wa kunijaribu kabla sijashuka."

Nasiba akamwambia Sultani, "Hawa wangaliokolewa na mafunzo na mtihani. Basi chama kimjaribu kila mtu kwa ukali wote kinaoutaka, na atakayefaulu asiulizwe alijifunzia wapi wala kwa miaka mingapi."

Ikabaki sheria moja, kwamba mwenye kushika kamba ya mchimbaji asiwe jamaa yake wala mchumba wake, bali mtu wa nyumba nyingine. Sheria hii Nasiba aliivunja na Idarusi, na moyoni alikuwa ameihesabu kuwa hila ya chama ya kuwapatia watu wake ujira. Haji alipoitaja wakasimama watu wanane, na wa nane alikuwa Yakuti, baba yake Nasiba, aliyefia kisimani huko Dumari.

Yakuti akasema, "Mwanangu, ami yako ndiye aliyenishikia kamba. Nilimwambia asubiri kidogo, naye akasubiri, kwa kuwa alinipenda na aliniogopa. Mgeni asingenisikiliza."

Baraza zima likamtazama yule mwanamke, naye akajifuta uso kwa kiganja chenye tope, akasema, "Sheria hii ibaki. Nimeivunja, na sina udhuru."

Sultani akaona huruma, akasema, "Nimekusamehe, Nasiba. Tangu leo hakuna sheria ya chama itakayokuhusu wewe. Chimba utakavyo."

"Siupokei msamaha huo," akasema Nasiba, na mawaziri wakashika ndevu zao. "Umenifungulia dirisha ili niingie peke yangu, na wengine wote wabaki nje. Mimi nitapita mlangoni. Chama kinijaribu katika kisima changu mwenyewe, na kamba yangu aishike mtu asiyenipenda. Sioni wa kumshinda Haji Shamlani."

"Kwa furaha," akasema Haji.

Wakaenda Mtaa wa Chumvi, na wanachama wakamhoji kwa ukali juu ya udongo na kuta na hewa, akawajibu yote. Akaishusha taa ikawaka, akaifuata. Lakini alipopiga sururu alipasua ufa, na hewa nzito iliyojificha ndani ikatoka, na mwali ukaanza kunywea. Naye alikuwa ameshausikia mchirizi wa maji, akapaza sauti, "Subiri kidogo, Haji! Kidogo tu!"

Idarusi alipiga kelele wamsubiri. Haji Shamlani hakumsikiliza yeyote, akavuta kwa unene wake wote, na Nasiba akatoka kisimani kama furushi, midomo imemgeuka rangi, na alipopata pumzi alimtukana matusi ya Dumari.

"Tukana," akasema Haji, akihema. "Ningekupenda, saa hii ungekuwa maiti."

Wakaipepea hewa ile kwa matanga ya ngozi mpaka taa ikawaka sawasawa hadi chini, na Nasiba akashuka tena, na Haji akaishika tena kamba, na maji yakaruka matamu, na Ghawasi akasimama kando asiyanywe, maana Sultani alikuwa ameamuru kwamba pete imfunge kwa zile sheria tu zilizosimamisha wafu, na mtihani uchukue nafasi ya miaka saba. Watu wa Mtaa wa Chumvi walikunywa wakilia na kucheka. Nasiba akaolewa na Idarusi, na Ghawasi akamletea mahari ya pili kutoka chini ya mwamba, zumaridi na yakuti, na mafundi wa nchi nyingi wakaja wakajaribiwa, na aliyefaulu alichimba na aliyeshindwa alirudi kujifunza.

Na funzo la habari hii ni kwamba kila afungaye mlango wa kazi na aulizwe anamlinda nani, na asipoonyesha mtu, mlango ung'olewe. Na akionyesha, basi na tupite hapo hata kama anayetungoja ni adui yetu. Nasiba mwenyewe, alipokuwa mkuu wa chama baada ya Haji, alitunga sheria mpya aliyoipenda sana, akaipeleka mbele ya wafu kama ilivyokuwa desturi tangu siku ile ya baraza. Hakusimama hata mmoja. Akasema, "Hamjui kitu," akaondoka kwa hasira, na sheria ile haikuandikwa.