Fundi Sungura na Magugu ya Bahari

Ukame ule uliingia mwaka wa tatu bila hata kupiga hodi. Mto ukakauka, visima vikakauka, ikafika mahali hata mate watu wanaazimana. Nchi nzima maji yalibaki mahali pamoja tu, sebuleni kwa Simba, na hayo yenyewe yalikuwa ya chumvi. Usicheke, nitakueleza yalifikaje.

Simba alikuwa na majivuno, hilo kila mtu analijua. Lakini alikuwa mpweke pia, na hilo alilificha. Kila aliyemwamkia alimwamkia huku anakimbia. Siku moja alikwenda kuwakaribisha watalii waliopiga kambi bondeni. Ile kusema "karibuni" tu, wakaacha hema, viatu, chai ya moto na sanduku kubwa la kioo, wakatokomea. Simba akalibeba sanduku mpaka nyumbani. Kisha, kwa kuwa mfalme hawezi kuwa na sanduku tupu, akawatuma ngamia sita waende pwani wakamletee bahari.

Wakaleta madumu arobaini ya maji, jiwe moja kubwa lenye matundu, na samaki mmoja wa manjano, mdogo kama jani la mchungwa. Simba akamngurumia ili amjaribu. Samaki alikuwa nyuma ya kioo, hakusikia kitu. Akasogea mbele, akamtazama Simba usoni, akapunga mkia. Machozi yakamlenga Simba. Tangu azaliwe hajawahi kumngurumia kiumbe kikamsogelea. Akampa jina la Mwanashani, akamwambia mkewe, Mama Kishindo, "Huyu akifa, ufalme nauacha."

"Uuache uende wapi?" akasema Mama Kishindo. "Njoo ule, wali unapoa."

Wanyama walikuja na ndoo zao. Pundamilia alionja yale maji, akatema, akaondoka bila kuaga. Simba hakujali. Alikaa siku nzima mbele ya kioo akimsimulia Mwanashani vita alivyoshinda, na vingine alivyoshindwa.

Wiki ya pili, juu ya lile jiwe kikatokeza kitu cha kahawia, kidogo kama choroko. Kikakua. Kikatoa shina laini, na juu ya shina vidole vyembamba kama ishirini, vinapepea tu. Waliosoma huita anemoni. Simba hakusoma. Alidhani jiwe lake limechanua, akafurahi, akawa anakitupia minofu kila mlo. Nacho kikala, kikanenepa. Fisi, aliyekuwa askari wa sanduku, aliiona minofu ile ikizama mbele ya macho yake na akalia kwa sauti.

Asubuhi moja Mwanashani akapita karibu na lile ua. Vidole vikamgusa. Akaruka, na pezi lake likawa jeupe kama limemwagikiwa uji wa moto.

"Kumbe ni mnyama!" Simba akanguruma. "Mnyama gani anaingia nyumbani kwangu bila kujitambulisha?"

"Mzee, niingie nimle?" Fisi akauliza, ulimi nje.

"Ukiingia wewe humo, atabaki nani?"

Habari zikamfikia Sungura. Sungura huyu wiki iliyopita alikuwa fundi wa paa, na kabla ya hapo fundi wa ngoma. Paa zote zilivuja, ila kwa kuwa mvua hainyeshi hakuna aliyejua. Akatia kisu kwenye mfuko, akaja mbio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimesikia mmeingiliwa na gugu la bahari. Mimi ndiye fundi wake."

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na desturi, na hata kwetu ipo: fundi hula kwa mwenye kazi. Na ghala la Simba ndilo pekee lililobaki na kitu. Kwa hiyo Sungura akaingiza mkono kwenye maji, akalikata gugu vipande saba, akakaa mkekani akala sahani tatu za wali kwa kunde za nazi. Akaenda zake akijua kazi imekwisha.

Kesho yake akaitwa tena. Akatazama kwenye kioo. Kila kipande kilikuwa kimeshika jiwe na kutoa vidole vyake. Magugu saba!

"Mbona yamezaana?" Simba akauliza.

Sungura alitaka kuogopa. Lakini jikoni vitunguu vilikuwa vinakaangwa, na ile harufu ikamfungua akili. Ukikata, yanaongezeka. Yakiongezeka, unaitwa. Ukiitwa, unakula.

"Mzee," akasema kwa huzuni, "yule wa jana alikuwa na ukoo. Wamekuja matangani."

"Matanga ya siku ngapi?"

"Inategemea ukoo wenyewe. Ila usihofu. Kazi hii haitaki haraka. Kesho namaliza, Mungu akipenda."

Akakata yote saba, vipande vidogo vidogo, akala sahani nne. Ukawa ndio mtindo. Kila siku kisu, kila siku wali, kila siku "kesho namaliza". Jiwe likajaa mpaka halionekani. Magugu yakapanda kwenye kioo, yakaota hata kwenye kiatu cha mtalii kilichokuwa kimetumbukia humo. Sungura akanenepa mpaka mkanda wa mfuko wa kisu haumfungi tena.

"Huyu fundi wako anakula kuliko wanao," Mama Kishindo akamwambia mumewe.

"Kazi ni ngumu, mke wangu."

"Ngumu kwa nani? Kwangu mimi ninayepika!"

Mwanashani alibaki na pembe moja tu ya kukaa, tena kwa kujibana. Aliacha kula. Aliacha kupunga mkia. Simba alilala chini, pua kwenye kioo, hakunguruma wala hakusimulia vita. Alimpenda samaki yule, na hakuwa na haya tena ya kulionyesha. Jumatatu akamwita Sungura.

"Ijumaa adhuhuri magugu yawe yamekwisha," akasema polepole. "Mwanashani akifa, wewe usinitajie kesho. Hutakuwa nayo."

Siku hiyohiyo Kunguru alirudi kutoka pwani na mzigo wa Fisi. Fisi alikuwa ameagiza kitoweo kwa binamu yake wa huko. Akafungua jani kwa pupa. Ndani mlikuwa na kamba mmoja hai wa baharini, mwenye mistari myekundu na masharubu, hatoshi hata kuziba pengo la jino.

"Mmoja?" Fisi akalia. "Huyu ni chakula au ni harufu ya chakula?"

Tamaa ikampa shauri. Atamfuga kwenye sanduku la Simba mpaka awe mkubwa kama mbuzi, halafu amle. Mchana, Simba aliposinzia, akamdumbukiza. Kamba alikuwa na njaa ya safari. Akatazama huku, magugu. Akatazama kule, magugu. Akasema, "Alhamdulillahi," akaanza.

Jumanne magugu yakapungua. Jumatano jiwe likaanza kuonekana. Sungura alipoona hivyo, kwanza akajisifu, "Mmeona? Dawa imeingia!" Halafu akakumbuka: magugu yakiisha, na wali umekwisha. Akachukua kipande kimoja kidogo cha gugu, akakifungia kwenye pamba iliyolowa maji ya chumvi, akakificha ndani ya sikio lake la kushoto. Simba alikwisha kualika wageni kwa kikao cha shukrani Ijumaa; kikiisha, atakirudisha majini, na Jumamosi ataitwa upya. Kila saa alikuja sandukuni kulowesha pamba. Akatembea kichwa upande siku mbili.

"Una nini shingoni?" Mama Kishindo akamuuliza.

"Kazi ya kuinama, mama."

Ijumaa adhuhuri maji yalikuwa meupe. Mwanashani alizunguka sanduku lote, akaja mbele ya Simba, akapunga mkia. Simba alilia mbele ya wageni wote na hakuna aliyethubutu kucheka. Sinia likaletwa. Sungura akakalishwa mahali pa heshima, bega kwa bega na mfalme. Mama Kishindo akainama kumpakulia.

Basi lile gugu lilikuwa halijala tangu Jumatano, na sikio la sungura lina joto na giza, mahali pazuri pa kuotea. Lilikwisha kushika. Harufu ya nyama ilipolifikia, likafunguka. Vidole vya kahawia vikatoka sikioni, kimoja, kumi, ishirini. Vikanyooka mpaka kwenye mwiko, vikadaka mnofu, vikaingia nao ndani.

Mama Kishindo akabaki na mwiko hewani.

"Bwana fundi," akasema, "sikio lako linakula."

"Ni nta tu, mama."

"Nta inayotafuna?"

Sungura akajaribu kulivuta, likamwasha mpaka kwenye ubongo. Akapiga yowe, akakimbilia sandukuni kwa mazoea, akatumbukiza kichwa. Hapo Kamba akatoka chini ya jiwe, tumbo mbele, akafuta masharubu.

"Nani amelikata hili?" akauliza. "Gugu hili halikatwi. Ukilikata, umelipanda. Linamezwa zima mpaka kikonyo, kama nilivyoyafanya yale mengine."

Simba akamgeukia Sungura taratibu sana.

"Mzee, huyo kamba ni kitoweo changu!" Fisi akaropoka. "Nimemfuga mwenyewe!"

"Umemfugia wapi?"

Fisi akatazama sanduku, akatazama dari. "Humo humo, mzee."

"Basi utamlinda humo humo. Akipungua hata sharubu moja, nitakula wewe."

Kuhusu Sungura, Simba alifungua kinywa ammeze, akaviona vile vidole vinampungia, akakifunga. Mfalme hawezi kula kitu kinachowasha. Akaamua hivi: gugu lile litolewe na fundi wa kweli, hapo hapo, na kwa desturi ya nchi fundi ale kwa mwenye kazi. Sungura, kwa kuwa yeye sasa ni mgonjwa wala si fundi, hana sahani.

Ikawa kila adhuhuri Sungura anapiga magoti, sikio ndani ya maji, huku Kamba anawekewa punje za wali na kunde za nazi kwenye kifuu cheupe. Fisi anasimama kando ameshika bunduki ya mti, anaulinda mlo wake mwenyewe, mate yanamdondoka. Na Mwanashani anapita karibu kutazama.

"Bado?" Sungura akauliza siku ya tisa, tumbo limeshikana na mgongo.

Kamba alimega kidole kimoja tu cha gugu, akala, akajinyoosha.

"Kazi hii haitaki haraka, bwana. Kesho namaliza, Mungu akipenda."

Sungura akamgeuzia Mama Kishindo jicho la kuomba japo ukoko. Mama Kishindo alikuwa anakwangua sufuria. Akamalizia kukwangua, akaifunika, akamwambia: "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."