Plaketi za Mzee Zorobabel

Wapo watu wanaosifu dawa chungu mradi anayeinywa ni mwingine. Wahenga waliwajua watu hao vizuri, wakawatungia methali: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Maana yake si ngumu. Anayemchoma mwenzake huona ni jambo dogo, hata hucheka, lakini mkuki ule ule ukigeuzwa kumwelekea yeye hupiga yowe kabla haujamgusa. Anayedhani methali hii imechakaa na amwulize Florentine, mganga wa zahanati ya kanisa kule vilimani Kalunguta, aliyeyaona haya kwa macho yake mwaka 2001, vita vilipokuwa vimepamba moto.

Kanisa na zahanati vilikuwa juu ya kilima kimoja. Kutoka hapo, barabara ya udongo mwekundu iliteremka bila kupumzika mpaka kwenye daraja la magogo, kisha ikapanda kidogo kuikuta barabara kubwa ya Beni na Butembo. Gari la zahanati lilikwisha kuchukuliwa na wenye bunduki, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni wenye bunduki wa upande gani. Ilibaki pikipiki moja, ambayo watu wa pale waliiita moto tu, na kila askari walipopita ililazwa shambani na kufunikwa majani ya migomba. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua hakuwa na tegemeo ila Mungu, na moto ile, na Éphraïm, mume wa Florentine, aliyeiendesha mpaka hospitali ya Butembo.

Siku ambayo Éphraïm alimbeba Gracieuse, mke wa mkulima jirani aliyekuwa na uchungu tangu usiku uliopita, moto haikufika hata darajani. Katikati ya mteremko breki ilikataa. Éphraïm aliona magogo yanamjia na mto ulio chini yake, akaamua kuigonga kingo ya udongo kuliko kutumbukia majini. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Gracieuse alirushwa majanini, akabebwa mpaka zahanati akiwa hai. Florentine alimzalisha asubuhi ile ile. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia.

Kabla Florentine hajamaliza kufunga vijiti kwenye mguu wa mumewe, Mzee Zorobabel alikuwa amekwisha kupata jibu. Zorobabel alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye fundi pekee wa kilima kile. Kwa miaka ishirini alikuwa akichonga chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma ambayo vijana hushukia na magunia ya makaa, na tangu moto zilipoingia akajifundisha kuzitengeneza nazo. Siku tano kabla ya ajali, yeye ndiye aliyeifunga breki ya mbele ya moto ile, baada ya baraza la kanisa kumkabidhi plaketi mpya, vile vibao vinavyobana sahani ya gurudumu.

"Ni mwendo," alisema mlangoni mwa zahanati, mikono mgongoni. "Breki niliiweka mimi mwenyewe, iko muzuri. Mutu ndiye hakuko muzuri."

Aliyasema hayo zahanatini, akayarudia kisimani, akayapeleka sokoni. Neno likaota miguu. Baada ya wiki moja, watoto waliopita mbele ya nyumba ya Éphraïm walinyamaza kama wanaopita makaburini. Baada ya wiki mbili ikajulikana kwamba baraza litakutana Jumapili ifuatayo kumwondoa Éphraïm kazini na kumpa moto ile Manassé, mwana wa Zorobabel. Florentine alipolisikia hilo, hasira ilimpanda hadi akashindwa kuvuta dawa kwenye sindano. Aliiweka sindano chini, akatoka nje, akaupiga ukuta wa udongo kwa kiganja mpaka kikamwasha. Mume amelala na mguu uliovimba, anaitwa mwuaji na watu aliowabebea wake zao, na aliyeifunga breki anagawa urithi!

Kitu kimoja hakikumtoka akilini. Siku ya ajali, alipofua koti la mumewe, lilinuka mpira ulioungua. Tairi zote mbili zilikuwa nzima.

"Uniambie tena," alimwambia Éphraïm. "Breki ilifanya nini?"

"Nilikamata, ikashika. Nikakamata tena, ikashika kidogo. Ya tatu, ikakuwa laini sawa bugali. Ya nyuma unaijua, ni ya jina tu tangu mwaka jana."

Florentine akamwandikia kaka yake Maliro, mfanyabiashara wa Beni, amtumie plaketi. Zilifika kwa mkono wa mama mmoja muuza maharagwe, zimefungwa katika ukurasa wa gazeti kuukuu. Jumamosi asubuhi aliisukuma moto mpaka uani, akaiegemeza kwenye nguzo ya jiko, akamsaidia mumewe kulala mkekani karibu na gurudumu.

"Weye mwanamuke utafungua breki?" Éphraïm aliuliza.

"Mi nashonaka batu. Chuma ndiyo itanishinda? Sema, nianze na nini?"

Éphraïm alisema, naye akatenda. Alilegeza misumari miwili ya kuzungusha iliyoshikilia kile chuma kinachoikumbatia sahani ya gurudumu. Mmoja ulikuwa na kutu, ukamchubua vidole viwili, akautukana kwa Kinande, ukatoka. Akachomoa kijiti cha chuma, akaviinamisha vibao viwili vya plaketi vikamwangukia kiganjani. Plaketi ya kweli ina gome gumu kama jiwe. Gome la hizi lilibonyea chini ya ukucha wake. Alilifuta kwa kitambaa, na chini ya masizi ikajitokeza mistari, ile ile mistari iliyo juu ya tairi ya gari. Kila kipande kilikuwa kimekatwa pembe mbili kwa mshazari.

Florentine hakuhitaji kuelezwa. Hakuna mtu wa Kalunguta asiyeijua mikato ya kisu kile. Kila chukudu iliyotoka kwa Zorobabel ina kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, ambacho msukumaji hukikanyaga ili kupunguza mwendo, na kila kipande kina pembe mbili za mshazari. Mpira wa kukanyagwa na mguu wa mtu alikuwa ameugandisha kwa gundi kwenye vyuma vikuukuu, akaupaka grisi pembeni upate sura ya kitu kipya, akamkabidhi dereva wa wajawazito. Mpira ukipata joto la mteremko huyeyuka, na mpira ulioyeyuka haushiki kitu.

"Nitamupelekea hii kwa uso!" Florentine alisimama. "Sasa hivi! Mbele ya bibi yake!"

"Kaa," Éphraïm alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Ukimupelekea hivi, atasema ni sisi ndiyo tuliweka. Moto ilikuwa kwetu siku zote hizi. Nani atakuamini? Weye ni bibi yangu."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimwuma kuliko vidole vilivyochubuka. Alikaa. Alivifunga vile vipande katika kitambaa, akavitia mfukoni mwa blauzi. Kisha akamaliza kazi. Aliisukuma ndani kwa kipande cha ubao ile pistoni iliyotokeza, chuma kinachosukuma plaketi, akaisugua sahani kwa pombe ya zahanati mpaka ikang'aa, akazipachika plaketi za Maliro bila kuzigusa usoni kwa vidole vya mafuta, akarudisha kijiti, akakaza misumari. "Sasa kamata breki," Éphraïm alisema, "kamata, achilia, kamata, mupaka ikuwe nguvu." Mara ya kwanza mkono wa breki uliingia mpaka mwisho bila kushika kitu. Mara ya sita ukawa mgumu. Florentine akaisukuma moto kwa kishindo kuelekea lango la ua, akaibana, ikasimama papo hapo hadi akagonga kifua chake kwenye usukani. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa Gracieuse azikwe, na kicheko chenyewe hakikuwa chema.

Jumapili, baada ya ibada, baraza lilikaa kwenye viti mbele ya kanisa, pale ambapo mteremko huanzia. Watu wengi walibaki. Éphraïm aliletwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Gracieuse alikaa peke yake kwenye ngazi ya kanisa. Florentine aliisukuma moto akaisimamisha katikati.

Zorobabel aliongea kwa mapana, akanukuu Maandiko juu ya mtu mwenye haraka. "Mimi sina ubaya na Éphraïm," alimaliza. "Mais ile mteremko, mutu anashukaka polepole, na breki ya mbele. Breki ilikuwa mupya. Donc kosa ni ya dereva."

"Aksanti, Papa," Florentine alisema. Sauti yake ilikuwa na adabu zote za mwanamke anayesema na mzee wa baraza. "Mi sina maneno mingi. Mutufundishe tu. Mupande, mi nipande nyuma yenu, tushuke polepole mupaka ku daraja, na breki ya mbele, vile munasema. Batu baone."

Zorobabel aliitazama moto. "Leo ni siku ya Bwana."

"Mimba haingojeaka Jumatatu."

"Mugongo inaniuma."

"Pole, Papa. Basi Manassé apande. Si yeye ndiye atapewa moto? Aanze leo."

Manassé, kijana wa miaka ishirini na minne asiye na hila, aliinuka kwa furaha. Alikuwa ameitamani kazi ile. Alipanda, akapiga teke, injini ikaitika. Aliigeuza moto kuelekea bondeni, gurudumu la mbele likainama.

"Hapana!" Zorobabel aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimkamata mwanawe shati mpaka likachanika begani. "Toka! Hapana panda ile kitu! Itakuua! Haina breki, itakuua!"

Manassé alizima injini. Watu wote waligeuka kumtazama baba yake.

"Namna gani itamuua?" Pasta Jéthro, mwenyekiti wa baraza, aliuliza taratibu. "Sasa hivi umetuambia breki ni muzuri."

Florentine alitoa kitambaa, akakifungua mbele ya Pasta. Wale waliokuwa nyuma walisogea mbele. Waliokuwa na chukudu hawakuhitaji kusogea sana. Waliziona pembe mbili za mshazari, mmoja akasema kwa sauti, "Hii ni kisu yake," na wengine wakaitikia.

"Na zile mupya kanisa ilikupatia?" Pasta aliuliza.

Hakujibu baba, alijibu mwana. Manassé alikuwa akiitazama moto yake mwenyewe iliyoegemea ukuta wa kanisa. "Papa," alisema, "uliniambia ulinunua Butembo. Ziko ku moto yangu."

"Ni vita!" Zorobabel alipaza sauti. "Barabara zimefungwa, vyuma haviko, mutu afanye nini? Mupira inashikaka chukudu miaka yote!"

Hapo adabu zote zikamwishia Florentine. Vita! Katika miaka ile vita vilikuwa koti ambalo kila mwizi alilivaa mchana kweupe. "Vita haikukata hii mupira!" alipiga kelele. "Kisu yako ndiyo iliikata! Kama mupira inatosha, juu ya nini hukuiweka ku moto ya mutoto yako? Ulijua! Bibi za batu bashuke na mupira, mutoto yako ashuke na chuma! Umemuona ameshuka hatua mbili tu, umelia. Gracieuse alishuka mupaka kule!"

Gracieuse aliinuka kutoka kwenye ngazi. Alikuja polepole, watu wakimpisha. Alikichukua kipande kimoja cha mpira, akakipima kiganjani, kisha akaukamata mkono wa Zorobabel na kukiweka humo.

"Angekuwa na siku kumi na tisa leo," alisema, akarudi kukaa.

Pasta Jéthro alianza kusema kwamba sasa wainamishe vichwa waombe. Florentine alimkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Sala itakuja, Pasta. Kwanza aseme. Alitangaza ku soko, atangaze na hapa."

Zorobabel aliangalia chini. "Éphraïm hakukosea," alisema.

"Kwa nguvu!"

"Éphraïm hakukosea!" Sauti ilimpasuka, na mzee yule akaanza kulia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Florentine akamwomba Manassé ashuke kwenye moto, akapanda mwenyewe. Zorobabel alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, lakini Florentine alikwisha kuondoka. Watu walimwona akiteremka polepole hadi katikati, mahali pale pale penye kovu jekundu kwenye kingo, akaibana breki iliyofungwa na mikono yake mwenyewe. Moto ikasimama juu ya mteremko, haikuteleza hata shubiri moja. Éphraïm, kwenye kiti chake, alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Zorobabel alivuliwa uzee siku hiyo hiyo. Plaketi zilizokuwa kwa Manassé, Manassé mwenyewe alizifungua Jumatatu na kuzileta zahanati ziwekwe akiba, akafuata kujifunza kazi kwa Éphraïm. Kipande cha pili cha mpira Florentine alikipigilia msumari juu ya mlango wa zahanati. Mgeni akiuliza ni cha nini, watu wa kilima kile humjibu kwa ufupi: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.