Landrova ya Hango na Dizeli ya Mbono

"Mafuta mapya huamsha taka za kale." Ndivyo alivyosema Mama Sinda juzi, nanyi mkatazamana msijue mcheke au mnyamaze. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akilalamika kwamba tangu aoe nyumba haina amani, kila siku ugomvi, na kwamba heri mke arudishwe kwao. Mama hakumjibu zaidi ya maneno hayo. Sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi, nami ungo wangu nimeshauweka chini, basi kaeni vizuri. Atakayechezea simu namfukuza.

Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu palikuwa na dereva aitwaye Hango, mtu mrefu, mwembamba, asiyejua kutulia. Hata chakula alikula amesimama, sikio limeelekea barabarani. Aliendesha Landrova ya kijiji, gari kuukuu lililobeba vitunguu vyetu kwenda mnadani na wagonjwa wetu kwenda hospitali. Alilipenda gari lile, jamani! Mkewe, Mwahija, alizoea kusema, "Mimi nimeolewa uke wenza na gari."

Dizeli ikawa haipatikani. Msimu mzima gari likashinda limelala. Mwahija na wanawake wenzake wakaanza kukamua mbegu za mbono kwa mashine waliyoletewa. Mbono mnaujua, ule mti wa uzio ambao mbuzi hawaugusi, ambao wazee waliupanda kuzunguka makaburi hadi ukaitwa mbono kaburi. Walikamua, wakayatia mafuta dawa ya kuyageuza dizeli, wakaacha yatuame, wakachuja. Ikatoka dizeli ya manjano, safi, unaweza kujitazama uso ndani yake. Hango akaijaza kwenye tangi. Gari likanguruma, na moshi wake ukanukia kama vitumbua. Watoto wakalikimbilia huku wakimeza mate!

Furaha haikudumu. Siku moja Landrova ikipanda mlima wa makaburini ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Hango akafungua boneti, akagusa hiki, akapuliza kile, hakuona kitu. Alipokata tamaa na kujaribu tena, ikawaka kama haikuwa na neno. Safari iliyofuata, palepale, ikazima tena. Akabadilisha filta, lile chujio la mafuta, gari likaenda vizuri, akashusha pumzi. Haikupita muda, mlima uleule, makaburi yaleyale, kimya.

Basi maneno yakaanza. "Mnachoma mafuta ya marehemu, mnategemea nini?" Wengine wakakataa kupanda. Mambo yakaharibika kabisa siku mke wa Mzee Munna alipokuwa akipelekwa hospitali, gari likazima naye akabaki juani pale mlimani, anahema, Hango akilizunguka gari na spana mkononi, jasho linamtiririka. Mama yule alipona, Mungu ni mwema, lakini Mzee Munna, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee hapa, hakusahau. Akatangaza siku ya mkutano. Akasema gari likizima tena pale, mbono wote utang'olewa, wa makaburini na wa mashambani, na mashine ya akina mama irudishwe ilikotoka.

Hango akakosa raha kabisa. Anaketi, anasimama. Anatoka nje kulitazama gari, anarudi, anatoka tena. Mwishowe akammwagia mkewe hasira.

"Mafuta yako yameniulia gari!"

"Mafuta yangu masafi," Mwahija akajibu. "Yaone mwenyewe kwenye dumu."

"Sasa kwa nini linazima?"

"Unaniuliza mimi? Dereva nani humu ndani?"

Wakalala wamepeana mgongo. Mwahija naye alikuwa na hofu yake. Kazi yote ya mikono yake na ya wenzake, na heshima waliyoanza kuipata, ingeng'olewa pamoja na ile miti.

Siku ya mkutano watu walijaa chini ya ule mlima. Kabla Mzee Munna hajafungua kinywa, Mwahija akatokea na dumu kichwani na mpira mrefu begani.

"Baba," akamwambia Mzee Munna, "kabla ya kukata miti, naomba tulijaribu gari mbele yenu. Safari hii mafuta yasipite kwenye tangi. Dumu tulifunge juu, mpira uende moja kwa moja kwenye pampu."

Hango akamtazama mkewe. Kwa nini hakulifikiria hilo yeye? Akalifunga dumu juu, akaunganisha mpira kwenye pampu. Mzee Munna mwenyewe akapanda mbele, fimbo mapajani, macho kwenye makaburi.

Landrova ikapanda. Ikayapita makaburi. Ikageuka juu, ikashuka, ikapanda tena, haikukohoa hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Je, baba," Mwahija akauliza gari liliposimama, "marehemu wamesinzia leo?"

Watu wakacheka. Mzee Munna hakucheka. "Kama si mafuta, basi shetani yumo tangini," akasema.

"Tumtazame," akajibu Mwahija.

Hango alikuwa ameazima asubuhi ile filta ya kioo kwa fundi wa trekta, ile ambayo unaona kila kinachopita ndani. Akaifunga kati ya tangi na pampu, akarudisha mpira wa tangi mahali pake, akawasha. Watu wakainama, vichwa vikagongana. Mafuta yakaingia ya manjano. Punde yakawa kama chai ya rangi. Mara yakaja meusi, mazito, matope matupu, na ndani ya matope nyuzi nyekundu. Injini ikakohoa, ikazima.

Mwahija akakifungua kioo, akachomoa uzi mmoja kwa kidole, akaufuta kwenye kiganja.

"Hii ni kanga yangu."

Hango aliujua uzi ule. Kifuniko cha tangi kilipotea miaka mingi nyuma, naye akachana kanga iliyokuwa kambani, akaziba tundu. Kitambaa kikioza na kutumbukia, anaongeza kingine. Kanga ile Mwahija aliitafuta akalia, maana ilikuwa ya harusi yake, akamtuhumu wifi yake, dada wa Hango, kwamba ndiye mwizi. Tangu hapo hawakusalimiana. Na Hango? Alijua, akanyamaza. Kila alipotaka kusema, aliona aibu, akasema kesho.

Angeweza kukana. Uzi ni uzi tu, nani angejua? Lakini mbele yake palikuwa na ile miti inayongojea shoka, na mkewe amesimama na uzi kiganjani.

"Ni mimi," akasema. "Matambara ni yangu. Na matope ni yangu pia. Nimejaza tangi hili kwa mapipa yenye kutu miaka yote, sijaliosha hata siku moja. Dizeli ya zamani ilipita juu ya uchafu ikauacha umelala. Hii ya mbono inaosha kama sabuni. Imeubandua wote, ndio unaoziba filta, na mlimani gari likitaka mafuta mengi hayapiti. Makaburi hayana kosa. Mke wangu hana kosa. Na dada yangu hakuiba."

Mzee Munna akaegemea fimbo yake, akatikisa kichwa polepole.

"Kumbe mafuta mapya huamsha taka za kale," akasema. "Sisi tukataka kuyamwaga mafuta!"

Hakuna mti uliokatwa. Hango akaweka filta mbili za ziada, ile ya kioo na nyingine nyuma yake, kabla ya ile ya gari lenyewe, na kila akirudi safari anamwaga matope na kutazama. Mwanzoni ulikuwa weusi mtupu. Ukapungua, ukapungua, hadi mafuta yakatoka ya manjano kama yalivyoingia. Mwahija hakumsamehe upesi, msidanganyike. Lakini jioni ileile ya mkutano alikwenda kubisha hodi kwa wifi yake, uzi mwekundu umo kiganjani.

Sasa nipeni ungo wangu. Na mkimkuta yule mtoto wa Mama Sinda, mwambieni hivi: ule ugomvi ulikuwamo nyumbani kwao kabla bibi harusi hajavuka kizingiti. Kabla hajamrudisha mtoto wa watu, aweke filta, atazame kinachotoka ni cha nani. Mafuta mapya huamsha taka za kale.