Kamera Iliyokataa Kulishwa

Ng'ombe aliyenunuliwa haombi majani kwa aliyemuuza. Mmemsikia fundi akimwambia hivyo mteja wa simu, mkacheka, mkauliza ng'ombe ameingiaje kwenye kibanda cha simu. Haya, tulieni. Methali hii ilianza huku huku kwetu Upareni, na iliyoianzisha ni hasira.

Nakijwa alikuwa mpiga picha. Kamera yake aliinunua kwa jasho la misimu mitatu ya vitunguu, na risiti alikuwa nayo. Betri ilipokufa, kampuni ikamtajia bei ya mbuzi wawili kwa kidude kinachoenea kiganjani. Akanunua ya mtaani, ikamfaa mwaka mzima. Kisha akaipeleka kamera kwa wakala wa kampuni isafishwe. Wakaisafisha, na bila kumwambia wakabadilisha programu yake ya ndani.

Hakujua lolote hadi siku alipoitwa kule Mbaga, nyumbani kwa Bibi Naetwe. Dada yake bibi, Nambike, alikuwa amekuja kutoka Taveta ng'ambo ya mpaka, miaka arobaini hawajaonana, na kesho yake alikuwa anarudi. Wote walishapita themanini na hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Simu zetu enzi hizo zilikuwa za tochi tu, hazipigi picha. Basi wakakaa kwenye benchi na khanga zao mpya, wameshikana mikono. Nakijwa akawasha kamera. Kioo kikaandika kwamba betri haitambuliki, kikazima.

Akawasha tena, ikazima tena. Betri imejaa, nawaambieni, imejaa pomoni, na kamera inaikataa! Akampigia wakala. Wakala akamjibu kwa upole kwamba hayo ni kwa usalama wake, anunue betri halisi, itafika kutoka Dar baada ya wiki mbili. Usalama wa nani? Nakijwa, kwa hasira, akazidi kumsihi yule mtu amfungulie kamera yake mwenyewe.

Sasa, kwetu mtu huweza kuweka ng'ombe wake kwa jirani. Jirani atamlisha, atakunywa maziwa, ila mwenye amri ni yule aliyemweka. Bibi Naetwe alisikiliza yale maombi yote, kisha akauliza.

"Mjukuu wangu, hiyo kamera waliiweka kwako, au walikuuzia?"

"Waliniuzia, bibi."

"Basi unamwomba nini? Ng'ombe aliyenunuliwa haombi majani kwa aliyemuuza. Mlishe."

Nakijwa aliona haya. Akatoa begini ile betri ya kampuni iliyokufa, akampelekea Mngara, fundi redio wa pale sokoni. Mngara akaipasua gamba taratibu, maana betri hizo ukizitoboa zinawaka moto. Akatoa seli zilizokufa, akabakiza kile kibao kidogo kinachojitambulisha kwa kamera, akakiunganisha na seli za betri ya mtaani.

Kamera ikawaka. Nguvu ile ile iliyokataliwa asubuhi, sasa imevaa gamba la kampuni, ikapokewa bila swali. Nakijwa alitamka neno ambalo mbele yenu silirudii. Kisha akarudi, akawapiga picha wale mabibi wakicheka.

Nambike hakuvuka mpaka tena. Alipozikwa, picha iliyotangulia jeneza ilikuwa ile.

Nakijwa alimpelekea wakala nakala ya picha hiyo, akaiweka mezani pake, akamsimulia betri ilivyopasuliwa. Wakala akaitazama, akauliza ni nani aliyempa ruhusa ya kupasua betri. Nakijwa hakupandisha sauti.

"Ng'ombe aliyenunuliwa," alisema, "haombi majani kwa aliyemuuza."