Tangi la Mzigo

Wapendwa, leo mfano wangu unatoka juu kuliko zinakopita ndege, kwa hiyo wale wanaoogopa lifti mnivumilie.

Kulikuwa na nchi moja iliyokuwa inapeleka watu mwezini. Shida ikawa mafuta. Chombo kikiruka kutoka ardhini kinamaliza karibu mafuta yote kwa kule kupanda tu. Basi serikali ikaweka matangi yanayoelea huko angani, kituo cha mafuta kama hivi vya barabara kuu, ikatoa fedha za kodi kwa wafanyabiashara wayajaze. Mmoja wao alikuwa mama aliyeendesha chombo chake mwenyewe. Bungeni walimsifu, na kwao wakachinja mbuzi.

Akaondoka na matangi mawili. Dogo lilikuwa la safari yake, mafundi wamelipima wakaona linatosha kwenda na kurudi. Kubwa lilikuwa la mzigo. Kule kituoni wasafiri waliotoka mwezini walikuwa wamekwama wanamngoja, na hewa yao ya kupumua ilikuwa inapungua. Bila ule mzigo hawarudi nyumbani.

Ardhi ilipopotea machoni, moyo ukaanza kumwenda mbio. Je, kama mafundi wamekosea? Nikiishiwa huku, nani atanisukuma? Sasa, mafuta ya mzigo na ya chombo yalikuwa ya aina moja, na kati ya matangi palikuwa na koki. Akaifungua kidogo tu. Tena alikuwa na sababu, maana binadamu kwa sababu hatujambo. Mafuta yale ni ya baridi kupita barafu, yakikaa yanageuka mvuke na kupotea. Akajiambia kwamba yatapotea tu, heri yamsaidie. Akaongeza mwendo. Hofu ikarudi, akafungua tena. Chombo kikitikisika, koki. Akiamka na ndoto mbaya, koki. Nyie wa viti vya nyuma mnacheka, lakini yule mama alikuwa anaogopa kweli. Nani hapa hajawahi kuogopa hivyo?

Kutoka kituoni wakamwita kwa redio. "Mama, bado unakuja?"

"Nakuja, wanangu. Msiwe na wasiwasi."

Wakalia kwa furaha. Mmoja akaanza kufunga vitu vyake.

Akafika salama. Mpira wa mafuta ukaunganishwa, na nahodha wa wale wasafiri akatazama geji. Akaigonga kwa kidole. Akatazama tena.

"Mama, mbona tangi la mzigo halina kitu?"

Yule mama akageukia geji yake mwenyewe. Tangi lake dogo lilikuwa limejaa pomoni, lakini hata angewapa lote lisingewafikisha nyumbani.

"Lakini nimefika," akasema. "Angalieni, chombo hakina hata mkwaruzo."

Nahodha hakumfokea. "Mama," akasema, "hatukuwa tunakungoja wewe. Tulikuwa tunangoja mafuta."

Wapendwa, zile fedha za watu zilitolewa mafuta yafike. Yeye akafika, mafuta hayakufika. Na sisi je? Mungu ametujaza tupeleke kwa mtu, halafu kesho inatutisha, tunafungua koki kidogo. Tunasema, acha kwanza nijiweke sawa. Mwaka huu ni mgumu. Kile chumba ulichosema utampa yatima wa marehemu dada yako, si umekipangisha? Yule mgonjwa wa mtaa wa pili uliyemwambia unakuja, bado uko njiani tu? Mimi sisemi wewe ni mbaya. Nasema umeogopa, na hofu yako imekunywa cha mwenzako. Jumapili tunaingia humu tumepiga pasi, hatuna hata mkwaruzo, tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha.

Najua mkitoka mtanishika mlangoni mniulize wale wasafiri walirudije kwao. Msiniulize mimi. Nendeni mkawaulize wanaowangoja ninyi.